Tumekuja Kutazama Mgonjwa

Kabati lilikuwa la msaji, pana, zito, lina kioo katikati, na mwenyewe alitaka litoke orofani lifike chini bila mkwaruzo. Naanza na kabati makusudi. Nyinyi vijana wa machela mmenisumbua niandike mambo ya kazi, na najua mnachongoja ni habari ya meneja, lakini mtu akianza na hasira pumzi humwishia njiani. Kwa hivyo kabati kwanza.

Wakati huo nilikuwa hamali. Shule niliiacha ningali mdogo, baada ya kujua kuandika jina langu na la baba. Hayo mengine nimejifundisha kwa kusoma vibandiko vya dawa na magazeti ya kufungia bajia, ndiyo sababu mwandiko wangu mnauona ulivyo. Mkubwa wetu wa mkokoteni alikuwa Mzee Chando, Mgiriama mfupi, shingo nene, maneno machache. Tulikuwa tukibeba majora ya leso Biashara Street, na siku majora hakuna tukibeba chochote ambacho mwenyewe kimemshinda. Siku hiyo tukaitwa Kuze, Mji wa Kale, nyumba ya ghorofa, kabati la bibi harusi linahamia kwa mume.

Nyinyi wa siku hizi mnazijua zile ngazi? Zilijengwa kwa ajili ya watu wembamba wanaoheshimiana, kwa sababu wawili wakikutana katikati lazima mmoja arudi alikotoka. Sisi wote tukalizunguka kabati, tunalishika huku na huku, kila mtu fundi. Mzee Chando hata hakulitazama. Alikwenda akakaa juu kabisa ya ngazi, akaitazama ngazi mpaka chini, akavuta sigara yake ikaisha, kisha akasema lifungwe kwa godoro, litangulie miguu, na mimi nitangulie chini nishuke kinyumenyume kwa sababu nina magoti ya ujana. Akaniambia nisiangalie mzigo, niisikie ngazi kwa nyayo. Nikavua viatu. Tukashuka. Kioo hakikupata hata alama ya kidole.

Pale chini alikuwa amesimama mwanamke mweusi mrefu, nguo nyeupe za unesi, mikono kiunoni. Ni Sista Mkamburi, Mtaita. Nyumba ya pili alikuwa na mgonjwa wake, mzee aliyevunjika nyonga, yuko orofani na jamaa zake wamesimama wanabishana namna ya kumshusha. Sista akanitazama miguu yangu mitupu, akaniuliza kama naweza kumshusha mtu nilivyoshusha kabati. Nikamwambia mtu ni mwepesi, ila analalamika. Akacheka. Nikamshusha yule mzee juu ya kiti cha kulia chakula, nimemfunga kwa leso, naye akilalamika ngazi nzima kwamba nanuka samli, na wiki iliyofuata nikawa mtu wa hospitali. Sitaitaja jina hospitali yenyewe. Mnaifahamu, mnafanya kazi humo.

Siku zangu za mwanzo nilikuwa kichekesho. Kiti cha magurudumu nilichopewa kililia kama paka, nikakipaka mafuta ya nazi. Siku ya pili kikanyamaza, siku ya tatu kikajaa siafu, na mgonjwa wa kwanza kukaa alikuwa shehe mmoja mwenye heshima zake. Sitawasimulia. Nikaenda kwa mafundi cherehani wa Biashara Street nikaomba mafuta ya cherehani, na ndiyo nimetumia mpaka mwisho. Basi na nyinyi msitumie mafuta ya nazi. Na tairi la kushoto hulika kabla ya la kulia, kwa sababu ujia wetu wa wodi unapinda upande mmoja tu. Badilisheni kabla halijasema.

Lakini somo kubwa Sista alinifunza pale mlangoni.

Hapa lazima nieleze, maana wengine mmetoka bara na wengine mmezaliwa hapa hapa lakini mama zenu wamewaficha. Kwetu Mji wa Kale mwanamke miezi ikishakuwa mizito hatangazi. Siku zake hazitajwi. Uchungu ukimshika, watu wa nyumbani hawamwambii jirani, na jirani akiuliza mnakwenda wapi huambiwa tunakwenda kumtazama mgonjwa. Wanasema husda. Wanasema ndimi zikiwa nyingi uchungu hurefuka. Mimi siwezi kuapa kwamba ni kweli, na siwezi kuapa kwamba si kweli, nimeona ya kila namna. Ila nawaambia mwanamke anayezaa yuko baina ya duniani na ahera, na kama kufunikwa kunampa utulivu, basi na afunikwe, kwani shuka la kumfunikia unalilipia wewe?

Basi walikuwa wakija hivi: bibi mmoja mtu mzima mbele, kapu mkononi kama la chakula cha mgonjwa, na nyuma yake mwari wake ndani ya buibui, ametanda na leso juu, huwezi kujua ana mimba au ana shibe. Kapuni hamna chakula. Mna nguo za mtoto. Ukimwuliza bibi, atakwambia bila kupepesa jicho, "Tumekuja kutazama mgonjwa."

Sista Mkamburi alikuwa Mkristo wa kanisa kila Jumapili, lakini jambo hili alilishika kuliko sisi wenyewe. Aliweka kiti cha magurudumu nyuma ya mlango siku zote, na leso safi imekunjwa juu yake, na mimi au mwenzangu pembeni. Amri yake ilikuwa tusiulize kitu. Aliniambia, "Mbarak, watazame miguu. Mtu aliyekuja kutembea amechagua viatu. Mtu aliyetoka nyumbani kwa dhiki amevaa alivyovikuta." Ukimwona mwanamke ana kiatu cha harusi mguu mmoja na ndara ya chooni mguu wa pili, unasogeza kiti, unatoa salamu, unamfunika, unakwenda. Maswali yataulizwa ndani, pazia likishafungwa, na mwanamke mwenzake. Nimewapitisha wangapi hivyo sijui. Wengine nimewapitisha wao, kisha nikawapitisha binti zao.

Sista akazeeka, akarudi kwao Taita. Tukapata masista wengine, wazuri na wa hivi hivi. Kisha akaja meneja.

Angekuwa mgeni ningemsamehe, wallahi. Mtu wa mbali hajui, ataambiwa. Lakini huyu babake ni wa Kizingo, na mamake kazaliwa Kuze, kaolewa Kizingo, na mimba ilipokuwa nzito akarudi Kuze kwa mamake kama desturi. Kijana kalelewa huku na huku, kasoma mpaka ng'ambo, Kiswahili chake ni safi kuliko changu. Akapaka rangi kuta, hilo jema. Akapanda maua, jema pia, mbuzi wa jirani waliyapenda sana. Kisha akaugeukia mlango.

Akajenga kidirisha cha kioo, akamweka soja wa kulinda mlango ndani yake na kipaza sauti. Kila anayeingia asimame mbele ya kioo, aulizwe shida yake, aiseme, na soja airudie kwenye kipaza sauti ili karani wa ndani asikie. Benchi la wanaongoja liko hapo hapo, hatua chache. Yaani mtu akija na jipu la makalio, mtaa mzima unajua upande gani. Na sisi wa machela tukaondolewa mlangoni tukapelekwa nyuma, kwenye stoo kando ya dobi, tukae mpaka tupigiwe simu. Viti vikatiwa mnyororo na kufuli, ufunguo ofisini, kwa sababu kiti kimoja kilipotea. Kilikuja kuonekana nyuma ya jenereta, fundi wa umeme alikuwa akikikalia, lakini mnyororo haukufunguliwa.

Nilisema. Mniamini kwamba nilisema, tena kwa adabu. Nilimwendea nikamweleza habari ya kina mama na kapu. Akanisikiliza, akatabasamu, akasema zama hizi mambo ni uwazi. Nikamwuliza uwazi gani unaotaka kipaza sauti. Akaniambia, "Mzee Mbarak, pumzika, kazi yako ni kusukuma." Nikaenda nikapumzika.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua la kupasua kichwa, saa ya kutazama wagonjwa bado haijafika na benchi limejaa. Simu ya stoo ilikuwa kimya na mimi nimechoka kunusa sabuni ya dobi, nikatoka kwenda kunywa kahawa kwa muuzaji anayesimama nje ya lango. Napita mlangoni, nikamwona Bi Maimuna.

Bi Maimuna wa Kuze, mjane, mpika mahamri, mwanamke ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti isipokuwa kwa paka. Mwanawe wa pekee ni baharia, yuko melini, na mkewe, Saumu, anaishi na mama mkwe. Bi Maimuna amekaa ukingoni mwa benchi, kapu juu ya mapaja amelikumbatia, na kando yake Saumu, amefunikwa gubigubi, kichwa amekiegemeza ukutani. Na upande wa pili wa benchi, hebu kisieni, Bi Tatu, jirani yao wa mlango wa kutazamana, ambaye habari ikimfikia asubuhi, magharibi imeshavuka daraja la Nyali.

Nikatazama miguu. Ya Bi Maimuna ilikuwa na viatu. Ya Saumu ilikuwa imevimba hata sikuona fundo la mguu, na alichovaa ni ndara za kiume, bila shaka za mumewe, kwa kuwa zake hazikumwingia tena.

Nikatoa salamu, nikaitikiwa. Nikainama kama naokota kitu nikamwuliza Bi Maimuna pole pole wamekaa tangu saa ngapi. Hakujibu saa. Alisema kwa ile sauti yake ya chini, "Kitwa chamuuma tangu asubuhi, na mato yake yaona vimulimuli. Siku zake bado, Mbarak. Hizi si siku zake."

"Umemwambia soja?"

Akatazama upande wa Bi Tatu, kisha akatazama kile kipaza sauti. "Nimemwambia tumekuja kutazama mgonjwa. Nikadhani utakuwapo."

Nikadhani utakuwapo. Neno hilo ninalo mpaka leo, kama mwiba wa samaki. Bibi wa watu kafanya kama alivyofanya mamake na nyanyake, kasema neno ambalo mlango ule ulilijua, na mlango umebadilishwa usiku hakuna aliyekwenda kumwambia. Sijui kusoma sana, lakini mabango yote yaliyobandikwa ukutani mle nimeyasoma, ya kunawa mikono, ya kutotema mate, ya maua yasichumwe. La kusema mlango hauwajui tena halikuwapo.

Nikamwendea soja. Ni yule Kilonzo, mnamjua, kijana wa Kikamba, mpole, alikuwa hajamaliza hata mwezi na sisi. Nikamwambia yule mwanamke ni mjamzito tena ana hali mbaya, fungua mlango. Akashtuka kweli. Akasema, "Mzee, si wamesema ni wageni? Nimeona kikapu cha chakula." Akashika kipaza sauti aite ndani. Nikamwekea mkono juu ya kile kidude. Nikamwambia afungue mlango tu, kuita niachie mimi.

Mlango ukafunguka. Viti, mnyororo. Ofisi, imefungwa, mwenye ufunguo amekwenda kula. Nimekwambieni siku zote hasira ni mbaya kazini, mikono hutetemeka, lakini pale nilikitingisha kile kifuli kama kichaa. Halafu nikamkumbuka Mzee Chando amekaa juu ya ngazi anavuta sigara. Nikaacha kutazama kiti nikaitazama njia. Kwenye kona ya ujia palikuwa na toroli la dobi, lile refu la chuma, limejaa mashuka yaliyofuliwa yanapelekwa wodini. Nikamwaga nusu sakafuni, nikabakisha nusu kama godoro, nikalisukuma mpaka mlangoni.

Kilonzo alitoka kidirishani bila kuitwa. Tukamnyanyua Saumu, mimi kwapani, yeye miguuni, tukamlaza, tukamfunika shuka mpaka usoni. Ukitazama kutoka benchini ni nguo za dobi zinakwenda zao. Nikamsikia Bi Tatu akiuliza kuna nini, na Bi Maimuna akamjibu kwamba wametuita tukaone mashuka. Hata mimi na hamaki yangu yote nilitaka kucheka.

Tulikuwa hatujafika mlango wa wodi ya wazazi, Saumu akaanza kukakamaa. Mnaojua mnajua. Meno yameumana, macho yamegeuka, toroli lote linatikisika. Bi Maimuna akaweka kapu chini akaanza kumsomea. Daktari Nafula alitoka mbio, binti mdogo yule, msichana wa juzi tu, wala hakuuliza nani kaleta mgonjwa ndani ya toroli la dobi. Alimgeuza ubavu, akaita sindano, akaita presha ipimwe, na papo hapo kwenye toroli lile lile akampeleka upasuaji akikimbia naye. Kifafa cha mimba, tukaambiwa baadaye. Mimi si wa kueleza hayo. Kazi yangu ilikuwa imekwisha mlangoni.

Nilikaa nje na Bi Maimuna. Aliniuliza mara moja tu, "Mbarak, je, ni mimi?" Nikamwambia si wewe. Akasema, "Ningesema kwa sauti, angeingia mapema." Nikamwambia tena si wewe. Alitoa nguo za mtoto kapuni, akazikunja, akazirudisha, akazitoa, akazikunja. Akaendelea hivyo mpaka mtoto alipolia ndani. Msichana, mdogo kama mkate wa mofa, lakini sauti anayo. Saumu hakujijua mpaka kesho yake, na macho yake yalichukua siku kadhaa kuona sawasawa. Mkono wa kwanza alioutambua ni wa mkwewe.

Alhamdulillahi. Sasa sikilizeni yaliyofuata, kwa maana hayo ndiyo yanayonichoma kuliko yale.

Tuliitwa ofisini, mimi na Kilonzo. Meneja ametulia, maji ya baridi mezani. Neno lake la kwanza ni, "Hakufa mtu, tushukuru Mungu." Nami nikashukuru. Kisha nikaona kwamba hilo neno analitumia kama jamvi, kila kitu anakifunika nalo. Hakufa mtu, kwa hivyo mlango hauna kasoro. Hakufa mtu, kwa hivyo mnyororo hauna kasoro. Ila mtu mmoja alikuwa na kasoro, ni Kilonzo, aliyewaketisha benchini, na wa pili ni mimi, niliyembeba mgonjwa kwa toroli la nguo bila ruhusa. Akaniuliza kwa nini sikupiga simu ofisini. Nikamwambia ofisi ilikuwa imekwenda kula.

Kilonzo ana mke kwao na anamjengea. Nikasema kijana huyu mlimwambia aulize, akauliza. Mlimwambia wageni wangoje, akawangojesha. Kosa lake ni kutii, na mkimfukuza kwa kutii, anayekuja atafanya nini? Kilonzo akabakishwa kazini, hilo namshukuru meneja. Kisha nikaomba kitu kimoja. Sikuomba kwa ajili yangu. Nikaomba kiti kirudi nyuma ya mlango na leso juu yake, na mtu mmoja mwenye macho akae hapo, na asiulizwe mwanamke yeyote shida yake mbele za watu.

Akaniambia, "Mzee, hatuwezi kuendesha hospitali kwa mambo ya kina bibi."

Kwa mambo ya kina bibi. Na yeye alizaliwa wapi? Nisikilizeni vizuri. Mamake namjua, Mungu amrehemu. Alipita mlango ule ule mchana wa Ijumaa, na mamake mbele na kapu, na Sista Mkamburi akanikonyeza, nami ndiye niliyemfunika leso nikamsukuma. Aliye tumboni alikuwa ni huyu meneja. Marehemu mwenyewe alikuwa akikisimulia kisa hicho arusini na watu wanacheka, kwa hivyo hapa simvunjii siri. Lakini pale ofisini, mbele ya Kilonzo, nililimeza. Siri ya mwanamke huitoi ili ushinde maneno na mwanawe.

Siku ya Saumu kuruhusiwa, nikaenda mwenyewe kuchukua kiti. Ofisi ilikuwapo. Nikamweka, mtoto mikononi mwake, Bi Maimuna kando na kapu lake, safari hii kweli lina kitu ndani, mabaki ya uji wa pilipili manga. Tukafika mlangoni. Benchi limejaa kama kawaida. Na meneja kasimama hapo, anaonyesha bango jipya la herufi kubwa linalosema watu waseme ukweli wanapofika. Kumbe mabango ya namna hiyo yanaweza kuandikwa.

Akamwona Bi Maimuna, akaona amepata mfano.

"Mama," akasema, kwa sauti ya kulifikia benchi zima, "si wewe uliyekuja siku ile ukasema umekuja kutazama mgonjwa?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Waambie mama wenzako hawa, wajifunze. Mkweo alikuwa na kifafa cha mimba. Alikuwa afe, na mtoto afe, kwa sababu ulidanganya pale dirishani."

Nikaona nyuso zinamgeukia Saumu, zinamgeukia mtoto, zinahesabu miezi. Jambo lile ambalo bibi yule alilificha ndani ya kapu na buibui na shuka la dobi, lililokuwa karibu kumuua mkwewe kwa kulificha, limemwagwa lote kama maji machafu, na aliyemwaga ni mtoto wa Kuze. Bi Maimuna hakujitetea. Alivuta ukaya wa buibui mpaka puani, akatazama chini. Bi Tatu, ambaye leo pia alikuwapo, sijui huwa anamtazama nani mle, hata yeye aligeuza uso. Nampa haki yake.

Saumu akaniambia kutoka kwenye kiti, sauti kavu, "Baba, twende nyumbani."

Nje ya lango pana mstari wa manjano meneja aliupigisha rangi. Kiti huishia hapo, mgonjwa hushuka, atajua mwenyewe. Mwanamke amepasuliwa tumbo, kina mama wa Kuze hawana gari, na gari lenyewe huko kwao haliingii. Nilipofika kwenye mstari sikupunguza. Nikamsikia nyuma, "Mzee Mbarak, kiti kinaishia hapo." Nikasikia tena jina langu. Tairi la kushoto likavuka, la kulia likavuka.

Mnajua njia ya kutoka pale mpaka Kuze, mawe, mitaro, pikipiki zisizopiga honi. Nilivua viatu nikavitia chini ya kiti. Kwenye kila mtaro niligeuka kinyumenyume nikashusha magurudumu ya nyuma kwanza, mtoto asiamke. Wenye maduka walinyanyuka kusalimia, wakaona, wakatupisha. Hakuna aliyeuliza tunatoka wapi. Hao ndio watu.

Karibu na msikiti nikasikia viatu vizito nyuma. Kilonzo, anahema. Katumwa afuate kiti.

"Mzee, meneja amesema nirudi nacho."

"Utarudi nacho. Kwanza shika hapa mbele, pana daraja."

Akashika mbele. Tulipovuka akasema kwamba kumbe hata kwao Ukambani mjamzito hasemi siku yake, na wala hatoki bila mama mkwe. Akasema, "Mzee, mngeniambia tu."

"Nani angekwambia, nawe tumekufungia ndani ya kioo?"

Akacheka kidogo, bila furaha.

Mlango wa Bi Maimuna ulikuwa wazi, udi umeshawashwa, nani aliwaambia jamaa zake sijui. Saumu akasimama, akashika mwimo wa mlango, akaingia kwa mguu wa kulia. Bi Maimuna akataka niingie ninywe kahawa. Nikamwambia siku nyingine. Akanishika mkono kwa kupitia buibui lake, kama wanavyofanya, akasema, "Mbarak, kesho wazazi wengine watakuja. Utakuwapo?"

Nilifungua mdomo nimwambie ndiyo. Miaka yote hiyo jibu langu lilikuwa ndiyo. Nikawaza kidirisha, na stoo, na kufuli, na meneja na bango lake, na nikaona kwamba nikirudi nitakaa nyuma karibu na dobi huku wao wakiulizwa kwa kipaza sauti, na watu wataniona nimo ndani waseme basi Mbarak yupo, hapaharibiki kitu. Sikumjibu. Niliinamisha kichwa tu.

Nikamgeukia Kilonzo nikamwonyesha breki ya kushoto, ailegeze kwanza kabla ya kuikaza. Nikampa kichupa cha mafuta ya cherehani kilichokuwa mfukoni. Nikamwambia awatazame miguu. Akaniuliza miguu ya nani. Nikamwambia ya kila anayesema hana shida.

"Na wewe, Mzee? Hurudi?"

Nikachukua viatu vyangu chini ya kiti. Kofia yangu ya kazi bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo, anayeitaka na aichukue. Kile kichochoro cha Bi Maimuna kina ncha mbili, moja yarejea hospitali, moja yatokea upande wa kwetu. Nikashika hiyo ya pili, viatu mkononi.